JE, KUSUSIA KAMPUNI KUNA FAIDA?

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



 Halmashauri ilituagiza tulichunguze shauri lililoletwa na matawi mawili ya Chama, nalo ni hili: kwamba wanachama wote waache kupanda mabasi ya kampuni ile itumiayo njia yetu ya kwenda sokoni na hospitalini, mpaka nauli ipunguzwe na makondakta wajifunze adabu. Kampuni hiyo hatutaitaja jina, kwa maana barua yetu ya kwanza bado haijajibiwa, na si haki kumhukumu mtu kabla hajasema. Lakini kila mmoja wenu anajua habari yenyewe. Nauli ilipandishwa kutoka shilingi 50 hadi shilingi 80 kwa siku moja, bila tangazo. Wazee wamesukumwa mlangoni, na akina mama wameshushwa njiani pamoja na mizigo yao kwa kupungukiwa na shilingi kumi.

Hasira ipo, nayo ni ya haki. Lakini hasira peke yake haimfikishi mtu sokoni. Kwa sababu hiyo tumejitahidi kutafuta habari za watu wengine waliowahi kutumia silaha hii ya kususia, tuone ni wapi ilifaa, ni wapi ilishindwa, na ni wapi iliwajeruhi wenyewe walioishika.

Kwanza, jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walijua kwamba mtu mkaidi, aliyekataa hukumu ya baraza, hakuhitaji kupigwa. Ilitosha asiombwe moto, asisaidiwe kulima, wala asialikwe katika karamu. Baada ya muda alikuja mwenyewe kuomba mapatano. Basi kususia ni kumnyima mtu ushirika wetu mpaka arudi katika haki.

Jina ambalo Wazungu wanaliita jambo hili lilitoka Ireland katika mwaka 1880. Huko Mayo aliishi Charles Boycott, aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya bwana mmoja mkubwa. Mavuno yalikuwa mabaya, wapangaji wakaomba wapunguziwe kodi zaidi ya alivyokubali, naye akataka kuwafukuza wengine. Wakulima hawakumgusa hata unywele. Watumishi wake waliondoka, wenye maduka walikataa kumwuzia, na hapakuwa na mtu wa kumvunia. Ikabidi waletwe wafanyakazi wapatao 50 kutoka kaskazini, wakilindwa na askari mamia kwa mamia. Inakadiriwa kwamba serikali ilitumia pauni 10,000 ili kuvuna mazao yenye thamani ya pauni 500 hivi. Kabla ya mwaka ule kwisha, Boycott alikuwa ameondoka Ireland, na jina lake likabaki katika lugha.

Habari hiyo ni tamu, na wengi huisimulia. Lakini tusidhani ya kuwa kila kususia huenda upesi namna hiyo. Boycott alikuwa mtu mmoja, shambani, katikati ya watu waliojuana. Kampuni ni kitu kingine. Kampuni haina shingo ya kuonea haya, nayo yaweza kupata hasara hapa ikapata faida kwingine. Kwa hiyo na tutazame mifano ya watu waliopambana na wafanya biashara.

Katika mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilikataa kuifuta biashara ya watumwa. Watu wengi wa nchi ile, hasa akina mama ambao hawakuwa na kura, waliamua kuacha sukari iliyolimwa na watumwa katika visiwa vya West Indies. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchini akiipinga biashara hiyo, alikadiria kwamba watu kama 300,000 waliacha sukari ile. Je, walishinda? Biashara ya watumwa ilikatazwa na sheria katika mwaka 1807, na sheria ya kuwaweka huru watumwa ilipitishwa katika mwaka 1833. Hesabuni wenyewe: ni miaka 16, kisha 42. Hatuwezi kusema kwamba sukari peke yake ndiyo iliyovunja minyororo. Watumwa wenyewe walipigania uhuru wao, na wengine walitoa hoja Bungeni mwaka hata mwaka. Lakini kikombe cha chai kisicho na sukari kilimfundisha kila mtu mezani pake kwamba yeye naye alikuwa na sehemu katika dhambi ile.

Mfano wa pili ni wa mabasi, nao unatuhusu zaidi. Katika mji wa Montgomery, Marekani, tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks, mshona nguo, alikamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti. Usiku ule ule mwalimu mmoja, Jo Ann Robinson, pamoja na wenzake, walichapa maelfu ya makaratasi ya kuwaomba watu weusi wasipande mabasi. Tarehe 5 Desemba mabasi yalikwenda karibu matupu. Watu weusi walikuwa kama robo tatu ya abiria wote wa kampuni ile, na walikaa nje ya mabasi kwa siku 381.

Wanachama, siku 381 ni mwaka mmoja na zaidi. Watu walikwenda kazini kwa njia gani? Hapa ndipo penye fundisho. Waliunda chama, wakamchagua mchungaji kijana, Martin Luther King, awe kiongozi, nao wakapanga magari yapatayo 300 ya kuwachukua watu katika vituo vilivyojulikana. Fedha za petroli zilitoka wapi? Nyingi zilitoka makanisani. Tena alikuwapo mpishi mmoja, Georgia Gilmore, aliyekusanya akina mama wakapika kuku na keki, wakauza, na kila juma wakaleta fedha katika mkutano. Nyumba ya King ilitupiwa bomu katika Januari 1956, lakini watu hawakulipiza kisasi.

Hata hivyo, na tuseme kweli yote. Kampuni ilipata hasara kubwa, lakini wakuu wa mji hawakukubali. Kilichoondoa ubaguzi katika mabasi yale ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya tarehe 13 Novemba 1956, katika kesi iliyofunguliwa na wanawake wa mji ule. Amri ilipofika tarehe 20 Desemba, mgomo ulikwisha. Basi kususia kuliwashika watu pamoja na kuufanya ulimwengu utazame, na mahakama ikaufungua mlango. Mkono mmoja ulisaidiwa na wa pili.

Mfano wa tatu ni wa Alexandra, karibu na Johannesburg, Afrika ya Kusini. Katika Januari 1957 kampuni ya mabasi iliongeza nauli kutoka peni nne hadi peni tano. Peni moja ni kitu gani? Kwa mtu ambaye mshahara wake haukutosha chakula, peni moja asubuhi na moja jioni ilikuwa mkate wa watoto. Maelfu ya watu waliazimia kutembea, maili tisa kwenda na maili tisa kurudi, katika jua na mvua. Polisi walisimamisha magari ya waliotaka kuwasaidia, wakadai vyeti, wakatafuta makosa. Watu hawakurudi nyuma kwa muda wa miezi mitatu.

Nani aliyeshindwa kwanza? Kampuni haikuishusha nauli kwa hiari yake. Waajiri wa mji ndio waliochoka, kwa kuwa wafanyakazi wao walifika wamechelewa na wamechakaa. Katika Aprili, chama cha wafanya biashara kilikubali kuilipa ile peni ya tano, na katika mwaka ule ule ilitungwa sheria ya kuwataka waajiri wachangie gharama za usafiri wa watu wao. Kwa hiyo, kabla ya kususia, yafaa kujiuliza: zaidi ya kampuni yenyewe, ni nani mwingine atakayeumia, naye ana nguvu ya kuleta mapatano?

Mfano wa nne watoka Accra, katika nchi iitwayo Ghana, ambayo zamani hizo iliitwa Gold Coast. Baada ya vita vikuu vya pili bei za nguo na bidhaa nyingine zilipanda mno, na makampuni ya kigeni yalikuwa yamefungamana katika chama chao. Nii Kwabena Bonne, chifu na mfanya biashara, alizunguka nchini akiwaomba machifu na watu waache kununua bidhaa za makampuni yale. Mgomo ulianza katika Januari 1948, na baada ya kama mwezi mmoja makampuni yalikubali kupunguza kiasi cha faida kutoka asilimia 75 hadi 50. Huo ulikuwa ushindi. Lakini tarehe 28 Februari, siku ile ile maduka yalipofunguliwa, watu waliona kwamba bei hazikushuka kama walivyotumaini. Siku hiyo hiyo askari waliorudi kutoka vitani walikuwa wakiandamana kwa shauri lao jingine. Polisi wakawafyatulia risasi, watatu wakafa, na mji ukawaka moto na maduka yakaporwa. Watu hawakuwa wameelezwa vizuri mapatano yalikuwa nini. Viongozi walipatana juu ya kiasi cha faida, na mwananchi alidhani wamepatana juu ya bei ya kitambaa.

Sasa na tugeukie mambo machungu, maana hotuba ya kusifu tu haina msaada.

Katika mwaka 1953, hapa kwetu Nairobi, wakati wa Hali ya Hatari, Waafrika waliamriwa na Mau Mau wasipande mabasi, wasivute sigara, wala wasinywe bia ya Kizungu. Wengi walitii kwa kuamini ya kuwa ni sehemu ya kupigania ardhi na uhuru. Wengine walitii kwa hofu. Mtu anayetembea kwa hofu na mtu anayetembea kwa imani huonekana sawa njiani, lakini si sawa. Katika mwaka 1959, huko Buganda, watu walitakiwa kuyasusia maduka ya wageni, hasa ya Wahindi. Maduka mengi ya vijijini yalifungwa, na Waganda wengine wakapata nafasi ya kufungua ya kwao. Lakini waliovunja amri walichomewa nyumba na kukatiwa migomba na mibuni, na jirani akamwogopa jirani. Serikali ilikipiga marufuku chama kilichoongoza mgomo, na viongozi wake wakahamishwa.

Katika siku za karibu zaidi, mwezi wa Novemba 2017, muungano wa vyama vya upinzani hapa Kenya uliwaomba wafuasi wake wasitumie huduma na bidhaa za makampuni matatu: Safaricom, Brookside na Bidco. Chama chetu hakiingii katika siasa, nasi hatusemi nani alikuwa na haki. Twatazama matokeo tu. Kampuni ya simu ilitangaza kwa mwaka ule wa hesabu faida iliyozidi ile ya mwaka uliotangulia. Katika Machi 2018 viongozi walipeana mikono, na habari ya kususia ikafifia. Sababu moja si ngumu kuiona. Mtu ambaye fedha zake zimo ndani ya simu, na ndugu zake wote wamtumia kwa simu ile ile, hawezi kuiacha kwa urahisi kama anavyoacha aina ya sabuni. Kinachotakiwa kususiwa kikiwa hakina badala, watu husema ndiyo mkutanoni na kufanya vingine nyumbani.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Wanachama wanakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita sisi wenyewe tulisusia kinu kimoja cha kusaga nafaka, ambacho mizani yake ilikuwa ikitupunja. Tulikutana jioni, tukanyoosha mikono, na asubuhi tukaanza. Hatukuandika barua. Hatukumwita mkaguzi wa mizani, ambaye kazi yake ni hiyo. Hatukufikiri kwamba kinu kingine kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Siku ya nne watu wakaanza kwenda usiku kwa mlango wa nyuma. Siku ya sita baadhi ya vijana wetu walimkuta mama mmoja mjane akitoka na debe la unga, wakalimwaga barabarani mbele ya watoto wake. Siku ya tisa mgomo ulikufa, na mizani ikabaki vile vile.

Unga ule tuliulipa kutoka katika sanduku la Chama, na fedha hizo zimo katika taarifa ya mwaka ule. Lakini aibu yake hatujamaliza kuilipa. Mama yule hakuliacha tawi lake. Tulipokwenda kuwauliza wanachama habari ya mabasi mwezi uliopita, alisema yeye yu tayari kutembea. Aliomba neno moja tu, kwamba asiyeweza kutembea asiguswe. Ndugu zangu, katika yote tuliyosoma hatukuona shauri jema kupita hilo.

Basi jibu letu ni nini? Je, kususia kuna faida? Twajibu: ndiyo, lakini si kila wakati, wala si peke yake. Kutokana na mifano hii tumeona mambo matano yanayotenganisha mgomo wa kufaulu na mgomo wa kupita kama upepo.

La kwanza, dai liwe moja, dogo, na la kueleweka. Watu wa Alexandra walidai peni moja, na kila mtoto aliweza kuitaja. Anayedai mambo kumi hajui siku ya kuacha.

La pili, wanaosusia wawe ndio wanunuzi hasa. Montgomery walikuwa robo tatu ya abiria. Kama sisi ni wachache katika mabasi yale, kampuni haitatuona. Kwa hiyo makarani wa matawi walisimama kituoni kwa juma zima wakihesabu, nao wameona kwamba katika kila abiria kumi, kama saba hutoka katika vijiji vyetu. Hiyo ni nguvu ya kweli.

La tatu, iwepo njia nyingine. Mgonjwa, mja mzito na mzee wasiulizwe kutembea. Wenye baiskeli, pikipiki na magari waandikishwe mapema, na iwepo fedha ya petroli. Haba na haba hujaza kibaba.

La nne, iwepo meza ya mapatano, na watu waliochaguliwa kukaa hapo. Tena mapatano yaandikwe, yasomwe kwa watu wote neno kwa neno, yasije yakatupata ya Accra.

La tano, pasiwepo nguvu. Hoja ikimshinda mtu, tumwache apande basi lake kwa amani, na kesho tumsalimu. Mgomo unaolindwa kwa fimbo umekwisha kushindwa kabla kampuni haijafanya neno.

Wapo watakaosema: je, madereva na makondakta si watoto wetu? Wakikosa kazi, nani atawalisha? Swali hilo ni la haki, na hatuna jibu lisilo na maumivu. Katika kila kususia wako wasio na hatia wanaoumia. Ndiyo maana kususia kuwe ni jambo la mwisho, lifuatalo barua, na wajumbe, na malalamiko kwa wenye mamlaka ya usafiri. Biashara haigombi, wasema wahenga, na mwenye busara hupatana kabla ya hasara. Tumpe nafasi ya kuwa na busara.

Wengine watasema kwamba sisi ni wadogo mno. Tarehe 26 Juni 1959 watu walikutana London wakaanza kuwaomba Waingereza wasinunue matunda na bidhaa za Afrika ya Kusini. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa walionena siku ile. Wengi waliona ni mchezo kudhani kwamba mwanamke anayeacha chungwa dukani ataitikisa serikali. Ilichukua miaka mingi, na yalihitajika mengine mengi, na zaidi ya yote uvumilivu na damu ya wananchi wa kule. Lakini Barclays, benki kubwa ya Uingereza, iliuza sehemu yake huko na kuondoka katika mwaka 1986, na katika mwaka 1994 watu wote wa nchi ile walipiga kura. Chungwa lililoachwa halikupotea bure.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yaleta mbele ya Mkutano huu mapendekezo haya. Barua ya pili iandikwe, ikidai jambo moja, kwamba nauli irudi shilingi 60 na hesabu ya gharama za kampuni ielezwe. Wajumbe watano, wawili wao akina mama, waende kuonana na wenye kampuni. Wapewe siku 30 za kujibu. Katika siku hizo matawi yaandikishe vyombo vya usafiri na kuchanga fedha. Jibu lisipokuja, au likija la dharau, Mkutano uitwe tena, na kila mwanachama apige kura yake kwa siri, ili asiwepo atakayesema alinyoosha mkono kwa kumwogopa jirani. Tukianza, na tuanze kwa pamoja. Tukiona hatuwezi, ni heri kusema hivyo wazi kuliko kuanza na kuacha siku ya tisa.

Haya ndiyo tuliyoyaona. Wazee wetu watukosoe tulipokosea, kwani wao waliona mengi kabla sisi hatujajua kushika kalamu. Mungu aliongoze shauri letu.